Jumuiya inayofika mwaloni ndo inayoleta amani

Vijana wengi wa Mwanza wanavuka kwenda Saanane jumapili kupiga picha na kuangalia wanyama, na nadhani wengi hawajui kwamba mwaka 1979 kisiwa kile kilipigwa mabomu. Ndege ya jeshi la Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin ilitumwa ipige Mwanza mjini, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia Saanane na waliokufa ni swala wa pale hifadhini. Ingelenga vizuri kidogo tu, leo tungekuwa tunaongelea makaburi. Na miaka 2 tu kabla ya hapo Tanzania, Uganda na Kenya zilikuwa ndani ya Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, reli moja, posta moja, shirika moja la ndege, meli za ziwani chini ya shirika moja, yaani fundi wa Kisumu na nahodha wa Mwanza walikuwa na mwajiri mmoja.

Mi huwa naanzia hapo nikisikia watu wanabishana kama hizi jumuiya za kikanda zina maana yoyote. Wanaosema hazina maana wanaonesha Kongo inavyowaka moto huku ikiwa mwanachama, wanaosema zina maana wanaonesha picha za marais wameshikana mikono Arusha. Kiukweli pande zote mbili zinaangalia juu sana. Msimamo wangu ni kwamba jumuiya inaleta amani pale inapowapa watu wa nchi tofauti kazi ya kila siku ambayo nchi moja peke yake haiwezi kuifanya, na inakwama pale kila kitu kinaposubiri wakubwa wakubaliane. Ukikaa kando ya ziwa hili unaona mifano ya vyote viwili, wala huhitaji kwenda mbali.

Tuanze na ile Jumuiya ya kwanza. Mkataba ulisainiwa Kampala mwezi wa 6 mwaka 1967, na maamuzi yote ya mwisho yakawekwa kwenye Mamlaka, maana yake marais 3. Januari 1971 Amin akapindua, Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja, na mimi simlaumu kwa hilo hata kidogo maana damu ilikuwa inamwagika Uganda, lakini matokeo yake Mamlaka haikukaa tena kikao hata kimoja mpaka Jumuiya inakufa 1977. Sasa kitu ambacho watu hawakiongelei ni hiki: marais walisusiana 1971 ila treni ziliendelea, meli ziliendelea, watafiti wa samaki waliendelea kubadilishana taarifa, kwa miaka mingine 6. Watu wa chini waliibeba Jumuiya mgongoni bila wakubwa wao kuongea. Kilichowashinda ni pale hela zilipoanza kugombaniwa, makusanyo ya reli na bandari yanabakizwa nchi moja badala ya kwenda makao makuu, shirika la ndege linadaiwa kila kona, na hapakuwa na mtu wala chombo kingine chochote chenye mamlaka ya kusema sasa basi, gawaneni hivi. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege likafa, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, kila nchi ikang'ang'ania kilichokuwa kwake.

Mpaka ulikaa umefungwa hadi 1983. Waulize wazee wa Tarime na Rorya hiyo miaka ilikuwaje, Wakurya wako pande zote mbili za ule mpaka, Wajaluo hivyo hivyo, kwa hiyo kufunga Sirari ilikuwa kufunga mlango wa nyumba ya shemeji yako. Mali za Jumuiya zimekuja kumalizwa kugawanywa 1984 kwa msaada wa msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht. Na vita ya Kagera, ile ya Tanzania na Amin, ikatokea katikati ya hicho kipindi ambacho hakuna meza yoyote ya pamoja. Sisemi Jumuiya ingekuwepo Amin asingevamia, yule alikuwa na mambo yake. Nasema tulipofika Oktoba 1978 karibu sehemu zote ambapo afisa wa Uganda na afisa wa Tanzania walikuwa wanakutana kwa kazi ya kila siku zilikuwa zimeshakufa.

Nije kwa Burundi, kwa sababu hapa Mwanza tuna historia ambayo tumeiacha ipotee. Ukitaja amani ya Burundi kila mtu anakumbuka Arusha. Kabla ya Arusha ilikuwa Mwanza. Mwaka 1996, mwezi wa 4 na tena mwezi wa 6, Mwalimu aliwaleta hapa wanasiasa wa vyama vikubwa vya Burundi, FRODEBU na UPRONA, wakae waongee wakati nchi yao inachinjana. Mazungumzo hayakuzaa mkataba, na mwezi wa 7 mwaka huo huo mwanajeshi Pierre Buyoya akafanya mapinduzi, mtu ungedhani yote yameenda na maji. Lakini majirani walikutana Arusha siku chache baadaye wakakubaliana kuiwekea Burundi vikwazo, wote kwa pamoja, na vikakaa mpaka Januari 1999. Vikwazo vile viliwaumiza sana raia wa kawaida wa Burundi na hilo lazima lisemwe, dawa, chakula na mafuta vilipanda bei kwa watu wasio na kosa. Ila vilimfanya kila mkubwa wa Bujumbura aelewe kwamba hakuna jirani wa kumkimbilia. Mazungumzo yakaanza upya Arusha 1998, Mwalimu akafariki Oktoba 1999, Mandela akapokea, na tarehe 28 Agosti 2000 makubaliano yakasainiwa. Bunduki hazikunyamaza siku ile, waasi wa CNDD-FDD wamekuja kuingia kwenye makubaliano 2003 na wale wa FNL wamechelewa zaidi, lakini mwaka 2007 Burundi ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Rwanda.

Kwa nini ilifanikiwa kwa kiasi kile? Kwa sababu majirani walikuwa kitu kimoja, na walikuwa kitu kimoja kwa sababu moto ule ulikuwa unawafikia wote, wakimbizi wako Kigoma, wako Kagera, kila serikali inaona gharama. Hakukuwa hata na Jumuiya yenye nguvu ya kisheria wakati huo, mkataba wa sasa umesainiwa Novemba 1999 na kuanza kazi Julai 2000. Kulikuwa na majirani wenye nia moja tu. Kumbuka hilo maana nitalirudia kwenye Kongo.

Kuna sehemu moja inayonigusa kuliko zote nayo ni Rusumo. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya kama siku moja, watu wa misaada walikuwa hawajawahi kuona watu wengi hivyo wakivuka mpaka kwa muda mfupi namna ile. Na chini ya lile daraja mto Kagera ulikuwa unabeba maiti. Zilishuka na mto mpaka ndani ya Ziwa Victoria, watu wa upande wa Uganda kule Rakai walikuwa wanazitoa majini na kuzizika, na mialo mingi (pale mitumbwi inaposhusha samaki) kuzunguka ziwa watu waliacha kula samaki. Wazazi wetu wanakumbuka, samaki ilikosa mnunuzi. Vita ya nchi ambayo haigusi ziwa kabisa kwenye ramani, lakini ilifika kwenye masufuria ya watu wa ziwani kwa njia ya mto.

Leo pale pale Rusumo kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa. Umekuja kupitia ushirikiano wa nchi za bonde la Nile, umechukua miaka mingi, kelele nyingi, fidia za watu zilizochelewa, lakini upo. Sasa fikiria hii: Rwanda na Burundi haziivi, Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, viongozi wanarushiana maneno mazito kabisa, na bado umeme wa Rusumo unagawanywa. Mafundi wa nchi 3 wanasoma mita zile zile. Hakuna upande unaoweza kuzima bila kujizimia na wenyewe. Huu ndo ushirikiano ninaouongelea, wa kufungwa pamoja na kitu kinachoonekana, ambao mkubwa akikasirika anafikiria mara mbili kabla ya kuukata.

Turudi ziwani. Ziwa lina kilomita za mraba kama 68,800, sisi tuna asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6, lakini hiyo migawanyo iko kwenye ramani tu, samaki ni wamoja na maji ni mamoja. Ndo maana taasisi ya uvuvi ya ziwa, LVFO, ilianzishwa kabla hata Jumuiya yenyewe haijafufuka. Mkataba wake ulisainiwa Kisumu mwezi wa 6 mwaka 1994, makao yakawekwa Jinja, Uganda. Angalia mfuatano wa mambo, 1977 tumegombana, 1984 tumemaliza kugawana vyombo, 1994 tumesaini kuhusu samaki, 1999 ndo marais wakasaini Jumuiya. Samaki walitangulia. Na mwaka huo huo wa 1994 nchi zile 3 zilikubaliana mradi wa mazingira ya ziwa, kwa sababu magugu maji yalishaingia tangu mwisho wa miaka ya 80 kupitia mto Kagera na yalikuwa yanaziba bandari na mialo. Hakuna nchi ingeweza kuyamaliza peke yake, ukisafisha ghuba ya Mwanza upepo unakuletea mengine. Wakafuga wale wadudu wanaokula magugu wakawaachia kila upande, wataalamu wa Uganda, Kenya na Tanzania wakapeana mbegu ya wadudu na uzoefu, na yale magugu yakapungua sana kufikia mwisho wa miaka ya 90. Yamekuwa yakirudi, na 2025 vivuko vya Kigongo na Busisi vimesumbuliwa na magugu, kwa hiyo kazi haijaisha. Ila njia ya kufanya kazi pamoja inajulikana.

Halafu likaja pigo la 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Haikusaidia kitu kusema sumu ilikuwa upande wa fulani. Viwanda vya minofu vya Mwanza vilisimama sawa na vya Uganda na Kenya, watu wakakaa nyumbani. Hapo ndo kila mtu alielewa kwamba ubovu wa jirani ni hasara yako, na tangu hapo viwango vya usafi, ukaguzi wa mialo na maabara vikaanza kwenda kwa kuoanishwa kati ya nchi zote 3. Naamini somo lile la njaa lilifanya kazi kubwa kuliko hotuba za udugu za miaka 10.

Kazi nyingine ya LVFO ambayo haipigiwi kelele ni kuhesabu. Boti za utafiti zinapita ziwa zima zikipima samaki kwa mitambo ya sauti, TAFIRI wa kwetu, yaani taasisi ya utafiti wa uvuvi, wakiwa na wenzao wa Uganda na Kenya, na sensa ya wavuvi, mitumbwi na nyavu inafanyika pande zote kwa fomu moja. Mwaka 2000 sensa ilipata wavuvi kama laki 1 na elfu 29, za miaka ya baadaye zikaonesha wamepita laki 2. Unaweza kuona hii ni kazi ya karatasi tu, lakini ugomvi mwingi wa majirani unaanzia kwenye kutoaminiana takwimu. Angalia sakata la maji la 2004 mpaka 2006, ziwa lilishuka mpaka gati zikabaki juu na mitumbwi ikalala kwenye tope, huku kwetu watu wakisema Uganda wanafungulia maji kwenye bwawa la Jinja, yanakoanzia Nile, kwa ajili ya umeme, Uganda wakisema ni ukame. Ukweli ulikuwa vyote viwili, ukame ulikuwepo na maji yaliyotolewa Jinja yalizidi kiwango kilichokubalika tangu enzi za mkoloni. Lakini ilichukua muda mrefu mno kuufikia huo ukweli kwa sababu namba za maji zilikuwa mikononi mwa nchi moja. Kwenye samaki tunabishana kidogo maana tumehesabu pamoja, kwenye maji tulibishana sana maana kila mtu alikuwa na hesabu yake.

Na kuhusu maji, kuna Ihelele pale Misungwi, chanzo cha mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwenda Shinyanga na Kahama. Tanzania ilipoanza ule mradi Misri ilipiga kelele kwa kushikilia mkataba wa maji ya Nile wa 1929 ambao Mwingereza aliusaini na Misri bila sisi kuwepo, na Mwalimu alishaukataa tangu 1962. Tungeweza kuingia kwenye ugomvi mbaya. Kilichosaidia ni kwamba tangu Februari 1999 nchi za bonde la Nile zilikuwa zimeanzisha umoja wao, ulizinduliwa Dar es Salaam na ofisi yake iko Entebbe, kwa hiyo palikuwa na mahali pa kubishania kila mwaka, mawaziri wa maji wanajuana kwa majina. Maji yamefika Shinyanga, na mkataba mpya wa ushirikiano wa bonde hilo umeanza kutumika Oktoba 2024 ingawa Misri na Sudan hawajaukubali. Ugomvi upo lakini uko mezani.

Sasa nije kwenye upande unaouma. Mvuvi wa kawaida ukimuuliza kuhusu ushirikiano wa Afrika Mashariki atakwambia habari za askari. Kisiwa cha Migingo, jiwe dogo ambalo halifiki hata ekari moja, Kenya na Uganda wamelivutania tangu miaka ya 2000, kamati ya pamoja ya wapima ikaundwa 2009, kazi haikufika mwisho, na mpaka leo watu wanaishi pale kwa wasiwasi. Na Migingo ni kwa vile imeandikwa sana, ila stori za nyavu na injini kuchukuliwa na askari wa nchi ya pili ziko mialo yote ya visiwani. Usiku ziwani hakuna mstari, upepo unakusukuma, unafuata samaki, unashtukia umezungukwa. Ukikamatwa unapelekwa nchi nyingine, lugha nyingine, faini ya hela nyingine, ndugu zako huku hawajui kama umezama au umefungwa. Mvuvi mmoja wa Igombe alinieleza hofu yake kwa sentensi moja: "Kaka, mimi dhoruba naijua, ila askari wa ng'ambo simjui."

Hapa LVFO imekwama na naomba tulielewe vizuri kwa nini. Inaweza kuwakalisha wakubwa wa uvuvi wakakubaliana kwamba sangara chini ya sentimita 50 asivuliwe na kokoro, zile nyavu za kukokota zinazozoa mpaka wachanga, zikomeshwe, lakini kutekeleza ni kila serikali na askari wake, kwa muda wake, kwa ukali wake. Uganda ilipeleka jeshi ziwani 2017, sisi 2018 tukawa na Operesheni Sangara, nyavu zikachomwa kwa marundo. Sitaki kutetea uvuvi haramu, samaki wachanga wakiisha sote tumeisha. Ila nchi moja ikibana na nyingine imelegeza, mwenye kokoro anahama upande, na mvuvi halali aliyechomewa nyavu anamwona jirani anavua kile alichokatazwa yeye. Hapo chuki inazaliwa, na inazaliwa na sheria nzuri iliyotekelezwa vipande vipande. Operesheni za pamoja, zenye kalenda moja na maafisa wa nchi zote ndani ya boti moja, zingepunguza samaki wachanga sokoni na zingepunguza uadui pia.

Kuna wanaosema hizi taasisi ni warsha na posho tu. Nawaelewa, na kwa sehemu wako sahihi. Vikundi vya BMU, yaani vikundi vya wavuvi wenyewe vya kusimamia mialo, vilijengwa kwa nguvu wakati wa mradi wa Umoja wa Ulaya, viongozi wakafundishwa, wakapewa daftari na sheria ndogo, mradi ulipoisha vikundi vingi vikayumba. Serikali zetu zinachelewesha michango ya kila mwaka, Bunge la Jumuiya limewahi kuahirisha shughuli kwa kukosa hela, halafu tunashangaa kwa nini wafadhili wa Ulaya wanaamua kipi kifanyike ziwani kwetu. Nchi inayopata kodi na fedha za kigeni kutoka kwenye minofu, mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) na dagaa inashindwaje kuilipia taasisi inayolinda samaki hao hao? Hili linaniudhi na sioni haja ya kulificha.

Lakini pale hela inapopatikana matokeo yanaonekana. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na hapa mjini, mamia ya watu walikufa na tulisubiri wazamiaji kutoka Afrika Kusini, ziwa kubwa kuliko yote Afrika na nchi 3 zinalizunguka hazikuwa na kikosi cha uokoaji cha pamoja. Makaburi ya Igoma yapo, kila mwaka watu wanaenda. Sasa hivi kupitia Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyopo Kisumu, na fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, kuna mradi wa mawasiliano na uokoaji ziwani na kituo kikuu cha kuratibu uokoaji wa kikanda kimewekwa Mwanza. Mvuvi akipata dhoruba kati ya Goziba na maji ya Uganda, swali la kwanza liwe yuko wapi, la uraia wake lije baadaye kabisa. Mi naona hiki kituo ni kazi ya amani kuliko mikutano mingi ya wakuu wa nchi, kwa sababu mtu aliyeokolewa na askari wa ng'ambo hawezi kuhadithia wanawe kwamba wale ni maadui.

Biashara ni hivyo hivyo. Nenda soko la Kirumba Mwaloni siku ya mzigo, dagaa wanafungwa kwenda Rwanda, Burundi, Kenya, Kongo, mpaka Zambia na Malawi, mama anapanga bei na dalali wa Kongo kwa Kiswahili. Jumuiya imerahisisha kwa mfanyabiashara mdogo, mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chepesi cha uasilia, cha kuonesha bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya, na mpakani Sirari, Mutukula na Rusumo unahudumiwa sehemu moja badala ya kuhangaika ofisi za pande mbili. Halafu ghafla tunajiharibia wenyewe, 2017 vifaranga vya kutoka Kenya vikachomwa Namanga, 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu na ya Uganda kwa siku kadhaa, 2025 sisi tukapiga marufuku wageni kufanya biashara ndogondogo bila kutofautisha mwana Jumuiya na mtu wa mbali. Najua vijana wetu wanalalamika kuhusu kubanwa kwenye biashara na malalamiko yao yana msingi, lakini mambo ya namna hii yalitakiwa yapite kwenye meza ya Jumuiya kwanza ndo yatangazwe.

Na Kongo? Kongo ndo mtihani ambao Jumuiya imefeli mpaka sasa, lazima tuseme hivyo. Kongo iliingia 2022, mwaka huo huo jeshi la Jumuiya likapelekwa Kivu, Desemba 2023 likaondolewa kwa sababu Kinshasa haikuridhika, likaja la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambalo na sisi tulikuwemo, Januari 2025 Goma ikachukuliwa na waasi wa M23, mwezi wa 2 Bukavu, na mwezi wa 3 SADC nao wakasema wanaondoka. Februari 8 mwaka huo huo wakuu wa EAC, yaani Jumuiya yetu, na SADC walikutana Dar es Salaam kikao cha pamoja ambacho hakijawahi kutokea kabla, wakatoa maazimio, lakini mikataba iliyofuata imesainiwa Washington na Doha. Majirani wamezungumzishwa na watu wa mbali. Tofauti na Burundi ya 1996 ni ile niliyosema, safari hii majirani wenyewe wako pande tofauti za vita, na mkataba wa Jumuiya unataka maamuzi ya wakuu yafikiwe kwa wote kukubaliana, kwa hiyo mtuhumiwa na mlalamikaji wote wana uwezo wa kuzuia hukumu. Chombo kikiwa hivyo hakiwezi kuzima moto mkubwa. Marekebisho ya hicho kipengele ni magumu lakini mtu asiseme hayawezekani, kwa sababu mkataba uliandikwa kwa nchi 3 na sasa tuko 8.

Wakati hilo linasubiri wakubwa, kuna ambayo hayahitaji kusubiri. Mawaziri wa uvuvi wanaokaa LVFO wanaweza kukubaliana kesho kwamba mvuvi akikamatwa nje ya mpaka, taarifa ifike BMU ya kwao ndani ya siku moja, nyavu na injini yake viandikwe kwenye fomu inayotambulika nchi zote, na faini iwe moja ziwa zima ijulikane kabla mtu hajasukuma mtumbwi. BMU za Ukerewe, za visiwa vya Uganda na za Migori zikutane wenyewe kwa wenyewe kila msimu bila kusubiri mfadhili, nauli yake iwe kwenye bajeti za halmashauri maana ushuru wa mialo unakusanywa kila siku. Na namba ya simu ya kituo cha uokoaji cha Mwanza ibandikwe kwa Kiswahili, Kijaluo na Kiganda kwenye kila mwalo unaoizunguka Victoria, kuanzia mialo ya visiwani ambako mtandao unashika kwa shida na ambako wengi hawajui kama hicho kituo kipo.